Podo la Upindeni: Utazame Upinde Kabla ya Kutazama Bei

Kijana wa kwetu akitaka kununua upinde huuliza maswali ya maana: unavutwa kwa nguvu gani, una urefu gani, umetengenezwa kwa mti gani. Mishale nayo huichagua mmoja mmoja, akiizungusha vidoleni aone kama imenyooka. Likija suala la podo huchukua lolote lililo karibu, kwa sababu podo kwake ni mfuko wa kubebea tu. Sivyo. Podo linalofungwa kwenye upinde wenyewe linakuwa sehemu ya upinde. Linauongezea uzito, linaweza kuupunguzia kasi, linaweza kuufanya upige kelele, na likichaguliwa vibaya linaweza kukukata mkono. Ndiyo maana nasisitiza lifuate upinde ulio nao na pori unalopita. Rangi na bei vije baadaye.

Naandika kwa watu wa Nundu, Fizi na Baraka, mashariki ya Kongo, popote walipo. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita ya 1996 na miaka iliyofuata, tukaishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka huko baadhi yetu tukapewa makao mapya Marekani. Wazee wetu waliingia porini na mbwa, wavu na mkuki, tena kwa kundi. Leo kijana aliyehamia jimbo kama Michigan anakuta uwindaji wa namna nyingine kabisa: mtu mmoja, upinde mmoja, leseni mfukoni, na kulungu wa mkia mweupe. Huko msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, huishia katikati ya Novemba wenye bunduki wanapoingia, kisha hufunguliwa tena mwanzoni mwa Desemba. Kijana huyo hana baba wala mjomba wa kumwonyesha vifaa vya kazi hii, maana wazee hawakuvitumia. Lazima mtu amwambie.

Walio nyumbani naomba waanze na sheria. Uwindaji Kongo unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, inayotaka mwindaji awe na kibali, na juu yake ipo sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014. Kule juu milimani kwetu iko Hifadhi ya Itombwe, iliyoanzishwa 2006, makao ya sokwe na ya gorila wa mashariki ambao dunia nzima imebaki na wachache. Wanyama hao hawaguswi kwa mshale, kwa mtego wala kwa chochote. Na kuna hatari nyingine ambayo kila mtu wa Fizi anaijua: katika miaka hii ya silaha, mtu anayekutwa kwenye njia ya milimani akiwa na upinde na mishale hapewi muda wa kueleza kwamba alikuwa anatafuta nungunungu. Anayeupenda upinde akiwa Nundu alenge shina la mgomba nyuma ya nyumba. Mshale hunasa humo bila kuvunjika, na mkono hujifunza vizuri. Ushauri wa podo utamfaa hata hapo.

Sasa tuutazame upinde. Kwa suala hili pinde za jadi ni za namna tatu. Upo wa mti mmoja, uliochongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, ambao mara nyingi hupinda karibu urefu wake wote. Upo upinde mrefu wa mbao na faiba zilizogandishwa kwa gundi, wenye kishikio kigumu katikati na mabawa yanayopinda juu na chini. Na upo ule wa vipande vitatu unaofunguka, ambao kishikio chake ni kinene na mabawa yake hukazwa kwa bolti.

Uzito ukikaa kwenye kishikio hauudhuru upinde. Wengine wanaona hata unautuliza mkononi, usiyumbe wakati wa kulenga. Uzito ukikaa kwenye bawa linalopinda, bawa linalazimika kuusukuma kila unapoachia ugwe, na nguvu hiyo inapunguzwa kutoka kwenye mshale. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukivuta ugwe, nafasi kati ya nukta mbili zilizo juu ya mabawa hubadilika. Podo lililofungwa kwenye nukta hizo mbili na kuunganishwa na mishale yenyewe linageuka kuwa gongo linalozuia upinde usipinde. Upinde unapigana na podo, vifungo vinateleza, na siku moja podo lote linadondoka miguuni pako huku mnyama akikutazama.

Kwa hiyo mwenye upinde wa mti mmoja unaopinda hadi kwenye kishikio asifunge podo juu yake hata kidogo. Abebe mishale kiunoni au ubavuni. Nasema hivi nikijua wengi watasikitika, kwa kuwa upinde wa mti mmoja ndio wanaoupenda zaidi. Mwenye upinde mrefu wa gundi anaweza kutumia podo la vipande viwili linalofungwa kwa kamba za mpira au ngozi, mradi vifungo vikae pale kishikio kinapoishia, kabla bawa halijaanza kupinda. Namna ya kupajua ni rahisi: mwambie mwenzako asimame ubavuni kwako, uvute polepole bila mshale mpaka katikati tu kisha urudishe polepole bila kuachia, naye atazame bawa linaanza kuinama wapi. Atie alama ya chaki. Kifungo kisivuke chaki hiyo. Mwenye upinde wa vipande vitatu ndiye aliyebarikiwa: kishikio chake mara nyingi kimetoka kiwandani na matundu ya chuma ya kukaza podo kwa skrubu, na podo la namna hiyo ndilo linalotulia kuliko yote. Ila kama matundu hayapo, usiyatoboe mwenyewe. Tundu moja kwenye kishikio cha mbao ni mwanzo wa ufa.

Mtu anaweza kuuliza kama wazo lenyewe la mishale kukaa upindeni si la kigeni. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanawinda kwa upinde hadi leo, na ukimwona Mhadzabe akitembea utakuta mara nyingi mishale yake ameishika pamoja na upinde katika mkono uleule mmoja. Mkono wa pili uko huru. Hana kitu mgongoni cha kunasa kwenye miiba, na mshale wa pili uko tayari. Podo la upindeni linafanya kazi hiyohiyo, isipokuwa linavipumzisha vidole.

Mabwana wa Marekani waliouhuisha uwindaji wa upinde mwanzoni mwa karne iliyopita walibeba mishale yao kwa namna nyingine. Saxton Pope alijifunza upinde kwa Ishi, Mhindi Mwekundu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza California mwaka 1911 na aliyehifadhi mishale yake katika ngozi ya fisimaji. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Art Young walikuja mpaka nchi ya Tanganyika kujaribu pinde zao kwa simba. Howard Hill naye, aliyesifika kuliko wote kwa shabaha, alilipenda podo la mgongoni maisha yake yote. Aliyelieneza sana podo la upindeni ni Fred Bear, ambaye kiwanda chake kilikuwa Grayling, katika Michigan hiyohiyo wanakoishi ndugu zetu. Alikuwa mtu wa kupenya vichakani, na kichakani podo la mgongoni ni taabu: mishale inachungulia juu ya bega, inanasa kwenye matawi, ukiinama inamwagika, na ukipeleka mkono nyuma ya shingo kuuchukua mmoja kulungu ameshakuona. Aliyekulia Nundu, anayejua njia za kupanda kutoka ziwani kuelekea milimani, na matete na vichaka vyake vya kufunga kifua, ataelewa bila kuambiwa mara mbili.

Ukimya ndio unaopita yote. Kulungu wa mkia mweupe ana masikio makali na miguu myepesi. Akisikia ugwe anaweza kuzama chini kabla mshale haujamfikia. Upinde wa jadi ukiachiwa hutetemeka, na kila kilichofungwa juu yake hutetemeka pamoja nao. Skrubu iliyolegea inalia. Mshale uliolegea katika kibano chake unagonga jirani yake. Manyoya ya mishale yakigusana yanakwaruzana hata unapotembea tu. Ukiwa dukani, au kwa rafiki anayekuuzia lake, lijaze podo mishale yako mwenyewe, lifunge kwenye upinde wako, kisha ukipige kishikio kwa kiganja huku sikio liko karibu. Usitosheke na kuambiwa kwamba halina kelele. Likilia pale dukani, porini litalia mara mbili. Nafasi kati ya mshale na mshale iwe ya kutosha ili manyoya yasikutane; kwa sababu hiyo mimi napendelea podo la mishale minne au mitano yenye nafasi kuliko la minane iliyobanana. Tena, mwindaji wa upinde anayehitaji mishale minane kwa mnyama mmoja ana shida ambayo podo haliwezi kuitatua.

Kofia ya podo ni ile sehemu inayofunika vyembe. Wengi huitazama kwa uzuri wake, na ndiyo inayobeba usalama wako wote. Chembe cha kuwindia ni wembe. Kinatakiwa kukata nyama bila kupingwa, na hakijui tofauti kati ya paja la kulungu na la kwako. Ingiza mshale wako na uhakikishe chembe chote kimezama, makali yote hadi mwisho, wala hakuna hata ncha inayochungulia pembeni. Kofia iwe ngumu, isibonyee ukiikandamiza kwa dole gumba, ili ukianguka juu ya upinde vyembe visitokeze upande wa pili. Ndani pawe na sponji nzito au mpira, visiguse ukuta wala visigusane, kwa kuwa vyembe vinavyogusana vinatiana ubutu na vinalia.

Wapigaji wa zamani wa kwetu Afrika Mashariki waliijua hatari hii kuliko sisi, maana vyembe vyao vilikuwa na sumu. Wahadzabe huvifunga vyembe vya sumu kwa vipande vya ngozi laini mpaka dakika ya kutumia, na Wakamba wa Kenya, watu wa upinde kweli, walifanya vivyo hivyo, kisha wakaviweka katika podo la ngozi la mviringo lenye kifuniko. Ngozi ile ilimlinda mbebaji, na iliilinda sumu isikauke. Sumu yenyewe hatuizungumzi hapa. Si yetu, na mwenye leseni popote asiifikirie. Nawataja wazee hao kwa sababu ya nidhamu yao: chembe hakikuachwa wazi.

Vibano vya chini, vinavyoshika miti ya mishale, vinahitaji kipimo. Mshale wa mti wa kawaida wa pinde hizi una unene wa karibu milimita 8 hadi 9. Mshale wa kaboni mara nyingi ni mwembamba zaidi. Kibano cha mshale wa mti kitaulegeza wa kaboni ukaanguka njiani usijue umeanguka wapi, na kibano cha kaboni kitaung'ang'ania wa mti mpaka uuvute kwa nguvu, kwa kelele, na kwa mwendo mkubwa wa mkono. Mshale uchomoke kwa kusukumwa pembeni kwa kidole, bila kulitazama podo. Lijaribu hilo ukiwa umefumba macho, halafu ukiwa umevaa glavu, kwa sababu Novemba ya Michigan ina theluji na vidole vya Nundu havikuzaliwa kwa theluji.

Urefu nao usisahaulike. Mishale mingi ina sentimita 71 hadi 76. Upinde wako ukiwa mfupi, na kofia ikifungwa chini mno, matako ya mishale yatafika karibu na ncha ya chini ya upinde, na kila unapouegemeza ardhini manyoya yatachota umande na matope. Pandisha kofia juu kidogo, au chagua podo ambalo sehemu zake mbili zinaweza kusogezwa.

Anayevuta kwa mkono wa kulia huushika upinde kwa kushoto. Mshale hulala ubavu wa kushoto wa kishikio na podo hukaa ubavu wa kulia. Wenye kuvuta kwa mkono wa kushoto waseme hivyo mapema, kwani mapodo mengi ya skrubu yametengenezwa kwa upande mmoja na hayageuki. Uzito huo wa ubavuni utauvuta upinde wako ulale. Wapigaji wengi wa jadi huulaza upinde kidogo kwa mazoea, kwa hiyo si tatizo kwao. Anayeusimamisha wima ataliona tatizo siku ya kwanza. Lililo jepesi na linalokaa karibu na kishikio, bila kutokeza sana nje, ndilo bora kwa wote wawili. Podo pana linaloning'inia mbali na upinde hukamatwa na upepo, na mikono itachoka kushindana nalo.

Kisha jiulize unawinda vipi. Anayenyemelea, anayetembea taratibu siku nzima akisimama na kusikiliza, anahitaji podo lililotulia upindeni lisilotoka, maana upinde uko mkononi mwake muda wote. Anayevizia juu ya ulingo au kwenye kiti cha mtini ana haja tofauti. Yeye hukaa saa nyingi mahali pamoja, na podo lililojaa kwenye upinde linamkwaza kwenye tawi na kumwongezea kitu cha kumetameta mbele ya macho ya mnyama. Anunue linalochomoka mara moja bila kelele, alitundike kwenye tawi mkono wake unapofika, abaki na upinde mtupu. Na wakati wa kupanda asipande na upinde begani, awe na podo la namna yoyote. Apande kwanza, afunge mkanda wake wa usalama, ndipo auvute upinde kwa kamba, mishale yote ikiwa ndani ya kofia.

Mvua ni adui wa manyoya. Manyoya yaliyolowa hulala, na mshale wenye manyoya yaliyolala huyumba. Podo la upindeni huyaacha wazi kabisa. Hilo ni kosa lake ambalo halina dawa kamili, na yeyote atokaye pwani ya Ziwa Tanganyika, anayejua mvua za kwetu za kuanzia Oktoba hadi Mei, asilichukulie kwa wepesi. Beba kitambaa cha kuzuia maji kisichochakarika, uyafunike wakati wa kutembea. Mfuko wa plastiki uache nyumbani, unalia. Sponji ya kofia nayo hunyonya maji na kuyaweka juu ya chuma usiku kucha. Toa mishale yote jioni, igeuze kofia mdomo chini ikauke, na vyembe vipake mafuta kidogo. Kofia yenye kitundu kidogo cha kutolea maji juu yake ni ya kuchaguliwa kabla ya zingine.

Asiye na fedha, au aliye Nundu ambako duka la vitu hivi halipo, anaweza kujitengenezea, na nimeona yaliyotengenezwa kwa mikono yakiyashinda ya dukani kwa ukimya. Tafuta mbao mbili nyepesi zenye upana wa kiganja. Kwa vibano, chukua soli ya kandambili nene iliyochakaa. Ikate umbo la mbao, toboa matundu kwa msumari wa moto, madogo kidogo kuliko mti wa mshale, kisha pasua kila tundu upande wa nje ili mshale uingie kwa kubonyezwa. Achanisha matundu kwa vidole viwili. Kofia ipatikane kwenye chombo cha plastiki kigumu, kile cha ukuta mnene, siyo chupa ya maji. Ndani yake jaza vipande vya kandambili vilivyobanwa sana. Vifungo ni mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu, unazungushwa mara kadhaa na kufungwa, na chini yake unaweka kipande cha ngozi ili upinde usichubuke. Mpira huo hautelezi. Kagua kila wiki kama haujaanza kupasuka kwa jua. Tena nakumbusha: kwenye upinde wenye kishikio kigumu tu.

Ukishalipata la kununua au la kutengeneza, lifunge na usilitoe wakati wa mazoezi. Watu hupiga mazoezi na upinde mtupu miezi mitatu, kisha asubuhi ya kwanza ya msimu wanalifunga podo na mishale mitano na kushangaa mshale umekwenda walikotaka usiende. Upinde umebadilika uzito, na mkono haujauzoea. Piga mazoezi podo likiwa limejaa. Mishale mingine ya kurusha iwe kwenye podo la chini, ardhini, ili uzito wa upinde usibadilike kila unapopiga. Halafu piga michache podo likiwa na upungufu wa mshale mmoja, kwa kuwa mshale wa pili, kama utauhitaji, utapigwa hivyo. Wiki moja kabla ya msimu, kaza skrubu zote, badilisha sponji iliyochanika, na ingiza kila mshale katika kila tundu, mmoja baada ya mwingine. Tundu linaloulegeza mshale liache tupu.